Dizeli inavuja saa ngapi? Kusaka uvujaji chini ya gari-nyumba

Ukiinama chini ya gari-nyumba ukakuta tone la dizeli linaning'inia kwenye boliti ya giaboksi, boliti hiyo usiihukumu. Dizeli haikauki upesi kama petroli. Ikitoka penye tundu hutambaa juu ya chuma, hufuata waya, huteleza juu ya bomba la breki, hadi ikute ncha. Hapo ndipo idondoke. Tundu lenyewe laweza kuwa mita 2 mbele, maana gari likiwa mwendoni upepo husukuma kila kitu nyuma. Fundi anayeanza kazi kwa kukaza kilicholowa atakaza hadi jioni, na kesho yake mwenye gari atarudi na lile lile: "Fundi, mbona bado yadondoka?"

Kwa hiyo kabla ya kuuliza wapi, uliza saa ngapi. Huvuja baada ya kujaza tangi, au usiku gari likiwa limelala? Ni injini ikinguruma tu, au asubuhi kabla ya kuwasha? Mafuta ndani ya mfumo hayasukumwi kwa nguvu moja. Ndani ya tangi hayana msukumo ila uzito wake, kwenye bomba la kwenda mbele hunyonywa, na kwenye nozo, zile ncha zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, hukamuliwa kwa nguvu ya kutisha. Kila kipande kina wakati wake wa kuvuja, na ukiujua wakati huo umeshaondoa nusu ya gari kwenye orodha ya washukiwa kabla hujalala chini.

Gari-nyumba lina shida ambayo matatu haina: aliyejenga nyumba alifunika gari. Iwe ni basi dogo kuukuu la Toyota Coaster lililong'olewa viti likatiwa kitanda na jiko la gesi, au ni gari la Ulaya lililoshushwa bandari ya Kilindini likiwa tayari nyumba, juu ya tangi kuna mbao, juu ya mbao kuna kabati, na pale kiwanda kilipoacha kifuniko cha kufikia tangi sasa pana kitanda. Sponji na mbao za sakafuni nazo hufyonza dizeli, kwa hiyo harufu huweza kubaki majuma kadhaa baada ya tundu kuzibwa. Na pua huchoka baada ya dakika chache. Anayelala ndani ya gari ni shahidi asiyetegemewa. Mwite jirani apande anuse.

Hakikisha ni dizeli

Kwa joto na unyevu wa Mombasa, AC hutiririsha maji kama mfereji mbovu, na watu wameshafungua mfumo wa mafuta kwa sababu ya maji hayo. Gusisha tone kwenye karatasi nyeupe. Maji hukauka yakaiacha karatasi imejikunja. Dizeli huacha doa linalopitisha mwanga, nalo halikauki. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na nzito, mafuta ya usukani mara nyingi ni mekundu, na maji ya rejeta yenye dawa huwa ya kijani au waridi.

Kuna mtego mmoja hapa. Dizeli ikipita juu ya uchafu wa zamani huuosha na kushuka nao ikiwa nyeusi. Wenye Land Rover za injini ya Td5 wanalijua hili vizuri: kifaa cha kudhibiti msukumo wa mafuta kimefungwa nyuma ya silinda hedi, na kikivuja dizeli hushuka katikati ya injini na giaboksi. Mtu huona weusi, husema ni sili ya oili iliyo nyuma ya krenki, giaboksi inashushwa, sili mpya inatiwa, na gari linaendelea kudondosha kama jana. Chovya kidole, sugua, nusa. Oili huteleza na kubaki. Dizeli ni nyepesi na harufu yake haijifichi.

Wakati wa kuvuja ndio ramani

Kama dizeli huonekana siku ya kujaza na kupotea tangi likifika robo tatu, tundu liko juu ya tangi. Washukiwa hapo ni watatu: mpira mnene wa kujazia, mpira mwembamba wa kupumulia, na gasketi ya kile kifuniko chenye boya la geji na bomba la kunyonyea. Katika magari-nyumba mpira wa kujazia ndio wa kwanza kushukiwa. Bodi ya nyumba huwa pana kuliko gari la awali, hivyo mjenzi hurefusha shingo ya tangi kwa kuunganisha kipande cha mpira na kipande cha bomba. Kiungo hicho hakionekani, hufungwa kwa klipu mbili, na kikilegea hakivuji ila mafuta yakifika hapo.

Usisahau kwamba dizeli hutanuka. Lita 90 zikipanda joto kwa nyuzi 15 huongezeka kwa zaidi ya lita 1. Ukijaza hadi shingoni asubuhi, gari likasimama juani, huku injini za kisasa zikirudisha mafuta yaliyokwisha kupata moto tangini, lita hiyo lazima itafute pa kwenda. Wakati mwingine inayovuja ni pupa ya aliyejaza. Acha nafasi ya lita 4 au 5 kisha uangalie tena.

Wa kusini mwa Mombasa wana kipimo chao cha bure: feri ya Likoni. Maji ya bahari yakitoka, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, pua ya gari hushuka na mafuta yote hukimbilia mbele ya tangi. Ukitoka ng'ambo ya pili, hukimbilia nyuma. Gari linalotoa harufu kwenye feri na barabarani halitoi lina gasketi mbovu juu ya tangi, na upande uliolowa ndio unaokuambia ni wapi.

Sasa chukua gari linalovuja likiwa limelala, bila mtu kuligusa. Hapa ni uzito wa mafuta peke yake unaofanya kazi, kwa hiyo tundu liko chini ya usawa wa mafuta yaliyomo. Weka alama ya geji kila asubuhi. Likivuja hadi nusu kisha likaacha, tundu liko kwenye kimo cha nusu ya tangi. Likivuja hadi tone la mwisho, angalia boliti ya kumwagia iliyo chini kabisa, mshono wa chini, au pale mikanda ya chuma inaposhika tangi. Chumvi ya pwani hupenda mikanda hiyo. Maji na mchanga hukwama kati ya mkanda na tangi, kutu hula kutoka nje, nawe huoni kitu mpaka mkanda ufunguliwe. Tone moja kila sekunde si jambo la kupuuza: kwa siku nzima linaweza kupita lita 2.

Uvujaji unaotokea injini ikifanya kazi tu ni wa upande wa msukumo, kuanzia pampu kwenda mbele. Hapa tofautisha nguvu mbili. Mipira midogo ya kurudishia inayoruka kutoka nozo hadi nozo haina msukumo mkubwa, lakini inakaa kwenye joto la injini mwaka mzima. Hukakamaa, hupasuka ncha, na dizeli hulowesha kichwa cha injini taratibu. Ni vipande vya bei ndogo, na huvuja mara nyingi. Badilisha yote kwa pamoja. Ukibadilisha mmoja, wenzake hawatakuacha ulale.

Nguvu ya pili haina mchezo. Injini za kisasa za bomba moja la pamoja (common rail) hubana dizeli kwa takriban bar 300 zikinguruma tu, na zikikanyagwa huweza kufika bar 1,600 au zaidi, yaani mara mia kadhaa ya upepo wa tairi lako. Tundu dogo lisiloonekana hutoa ukungu mwembamba unaopenya ngozi na hata glavu. Jeraha huonekana dogo kama la sindano na huenda lisiume saa za kwanza, huku dizeli inaua nyama ndani ya kidole. Akipigwa mtu, ni hospitali saa ile ile, na aseme wazi kwamba ni dizeli ya msukumo mkubwa. Hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji, wala si ya plasta. Kamwe usipitishe mkono. Pitisha kipande cha boksi kwenye mti mrefu, boksi litalowa kabla yako. Na usilegeze nati ya upande huo injini ikiwaka. Zima, subiri dakika 10, ndipo uguse.

Ukungu huo ukifikia manifoldi ya ekzosi au turbo unaweza kuwaka wenyewe, kwa kuwa dizeli hushika moto bila cheche ikigusa kitu chenye joto la nyuzi 210 hadi 250. Ndani ya gari-nyumba kuna pia jiko la gesi, na baadhi ya friji za kambi zina mwali mdogo unaowaka muda wote. Kabla ya kusaka, funga mtungi wa gesi na uzime friji.

Lisilodondosha tone

Upande wa kunyonya, kutoka tangi hadi pampu, ndio unaowachanganya wengi, kwa sababu tundu lake huingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Chini ni pakavu kabisa. Dalili ziko kwenye funguo: asubuhi stata inazunguka muda mrefu, gari linawaka, linasitasita, kisha linatulia, mchana likiwa moto halina neno. Usiku hewa imeingia kwenye tundu na mafuta yamerudi tangini kwa uzito wake.

Kwenye Land Cruiser na Coaster zenye injini ya 1HZ anza na pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kidude chake cha kubonyeza kina sili ndani, sili ikichoka hunyonya hewa bila kuonyesha chochote. Kwenye Mercedes Sprinter za zamani za injini ya CDI mipira ya plastiki inayong'aa karibu na filta ina pete ndogo za mpira kwenye viungo, nazo hukauka. Uzuri wake ni kwamba mapovu unayaona kwa macho. Gari lisilo na plastiki hiyo, fungia kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani, sentimita 20, kabla ya filta. Povu dogo baada ya kubadilisha filta ni kawaida na hupotea. Mnyororo wa mapovu usiokatika maana yake hewa inaingia nyuma ya mpira huo. Ukishaona, utoe, mpira wa plastiki ya kawaida ukikaa na dizeli hukakamaa na kupasuka.

Kuna njia ya gereji isiyogharimu kitu, na mara nyingi humaliza ubishi. Tia dizeli safi kwenye jerikeni ya lita 5, iweke kama mita 1 juu ya injini, shusha mpira hadi mlango wa kuingilia filta. Gari likiwaka kwa jaribio la kwanza asubuhi inayofuata, na kati ya filta na pampu pakabaki pakavu, ubovu uko kati ya filta na tangi. Maana sasa ule upande wa kunyonya unasukumwa na uzito wa mafuta kutoka juu: tundu lililokuwa linameza hewa kati ya filta na pampu litaanza kulia tone. Msukumo ni mdogo, chini ya sehemu ya kumi ya bar, kwa hiyo lipe saa moja. Asije mtu akakushauri kutia upepo wa kompresa ndani ya tangi. Tangi halikutengenezwa kuwa tairi, na litapasuka kwenye mshono.

Kuna na tundu la tatu lisiloonekana, la ndani ya injini. Pampu inayozungushwa na gia za injini ina sili ya shafti. Ikifa, dizeli huingia kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Baadhi ya injini pia zina mabomba ya mafuta chini ya kifuniko cha valvu. Toa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, ni nyepesi na inanuka dizeli, usiliwashe gari tena hata kulisogeza. Oili iliyochanganyika hailindi beringi, na ikizidi sana injini yaweza kuanza kuila yenyewe na kunguruma bila kuzimika. Ikiwa kijiti kiko sawa, chini pakavu, gari linawaka vizuri na bado geji inashuka usiku, kuna mtu anakuja na mpira wake. Funga kifuniko cha tangi kwa kufuli.

Kuosha, kukausha, kupaka poda

Baada ya kujua wakati, ndipo utafute mahali. Osha eneo lote kwa maji ya sabuni au dawa ya kuoshea breki, lakini usioshe kwa dizeli wala mafuta ya taa kama ilivyo desturi ya gereji nyingi. Utakuwa umepaka rangi juu ya ushahidi. Kausha. Nyunyiza poda ya watoto juu ya viungo vyote vya upande unaoushuku, tandika boksi lililokunjuliwa chini na uchore juu yake mstari wa ekseli na giaboksi ili ujue doa liko chini ya nini. Kisha tengeneza ule wakati wa kuvuja: kama huvuja tangi likijaa, lijaze, kama ni mwendoni, endesha kilomita 10 tu kisha usimame. Ukienda hadi Mariakani na kurudi, upepo utakuwa umelowesha kila kitu. Poda hugeuka kijivu pale dizeli inapoanzia, na jicho lifuate doa kwenda juu na mbele, kamwe si chini. Ipo pia rangi ya kutia tangini inayong'aa kwa tochi ya urujuani. Ni nzuri kwa uvujaji mdogo sana, ila fanya kazi hiyo gizani.

Magari yaliyotoka Ulaya huficha mshukiwa ambaye mwenyewe hamjui: hita ya dizeli. Kule nyumba hupashwa moto kwa kidude kidogo kilicho chini ya kiti au kitanda, kinachovuta mafuta kwa bomba jembamba la milimita chache kutoka tangi kuu. Mombasa nani aiwashe? Inakaa miaka bila kazi, viungo vyake vya mpira vinakauka na kupasuka, na siku moja dizeli inatoka chini ya kitanda wakati injini haina kasoro. Kama huihitaji, ing'oe na uzibe pale ilipochomoza kwa kizibo cha nati. Kukunja mpira na kuufunga kwa waya wa kufungia nondo ni kuahirisha.

Kuziba

Mpira mpya uwe na maandishi ya kuonyesha ni wa mafuta, kama SAE J30 R9. Mpira wa rejeta hufura kwa dizeli. Pima kipenyo cha ndani kwenye bomba lenyewe; mara nyingi ni milimita 8 za kwenda na 6 za kurudi. Klipu pana zenye meno hukata mipira midogo, tafuta zile zenye ukingo uliokunjwa, na zikazwe hadi mpira uanze kubonyea tu. Mipira ya zamani ina kisa kingine: Kenya ilipoingia kwenye dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, kusafisha salfa huko kulipunguza pia kemikali zilizokuwa zikiufurisha mpira. Sili kuukuu zilizozoea kufura hunywea kidogo, na kunywea kidogo kunatosha.

Washa za shaba ni za kutumiwa mara moja. Ukikosa mpya, ipashe kwenye moto wa gesi hadi iwe nyekundu, itumbukize majini, isugue. Shaba hulainika tena na kukaa. Zile zenye mpira katikati hazipashwi moto. Bomba la shaba la friji, ambalo hufungwa chini ya magari kila siku, si la kazi hii: shaba huharakisha kuharibika kwa dizeli, nalo likitikisika hukakamaa na kupasuka. Bomba la chuma lililopasuka karibu na nati, kabla ya kulibadilisha tafuta kishikizo kilichopotea. Bomba lisiloshikwa hutetemeka hadi livunjike, na jipya litafuata njia hiyo hiyo. Mabomba ya msukumo mkubwa hayachomelewi hata kidogo.

Kisha toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, washa, jaza tangi ukiacha zile lita 4, egesha gari pua juu usiku wa kwanza na pua chini usiku wa pili. Baada ya kilomita 50 kagua klipu, kwani mpira mpya hukaa na kulegea kidogo. Boksi likibaki kavu asubuhi ya tatu, rudisha kitanda.